Bega la Kushoto la Salumu

Salumu mdogo wangu,

Kwanza nikugombeze, maana nisipokugombeza nitalia, na hapa barazani watu wanapita. Mtu anafanya kazi na dada yake miaka saba, anakula naye sahani moja, anamtania kutwa, halafu kitu kama kile hamwambii? Neno moja tu lingetosha. Ungesema, "Da Zuhura, kile cha kushoto ni changu peke yangu." Leo nisingekuwa nimekaa na kopo la vitambaa mapajani, sijui nivifanye nini.

Ngoja nikueleze tangu ulipotuacha.

Arobaini yako ilikwenda vizuri. Watu walikuwa wengi kuliko mikeka. Mama Hansa wa ghorofani alishusha birika zima la chai ya tangawizi, akasema tangu uondoke nyumba nzima imekuwa kimya, hata kunguru wanaona haya kupiga kelele. Baada ya dua Shangazi Mwajuma akaanza kugawa nguo zako kama ilivyo desturi. Suruali kwa huyu, kanzu kwa yule. Lile shati lako la rangi ya udongo, la kwanza kabisa kushonwa hapa, alitaka apewe Mjomba Hamisi kwa kuwa ndiye aliyekuosha. Nikasema silioni. Nilikuwa nimelikalia, Salumu. Dua haijapoa midomoni mwa watu na mimi nadanganya. Mjomba akapewa shati la mistari, akashukuru, akaondoka.

Sikulificha kwa mapenzi tu. Nililificha kwa sababu sijui kukata, na wewe unajua kwamba sijui. Miaka yote hiyo wewe unakata, mimi nashona, isipokuwa mashati yako, uliyojishonea mwenyewe. Nilikusihi mara ngapi uchore vipimo kwenye karatasi? Ukanijibu, "Karatasi ina miguu, Da Zuhura. Ikitoka hapa asubuhi, jioni shati letu linauzwa mtaa wa pili." Ukaendelea kukata kwa jicho, umeinama, unaimba wimbo wa Bibi wa kufukuzia ndege: Ndege nenda kwa wengine, huku mwenyewe yupo. Ukifika kwenye mzunguko wa mkono unaivuta sauti, na mkasi nao unazunguka. Nimejaribu. Kuimba naimba vizuri tu, kitambaa kinakwenda kinakotaka.

Wateja bado wananiuliza habari ya lebo, kwa nini shati liitwe Dungu. Nawaeleza kama ulivyokuwa unaeleza wewe: kibanda cha Bibi juu ya miti, katikati ya mpunga, kule Lindi, sisi wawili na debe letu, kutwa tunapiga na kuimba ili ndege wasishuke. Wanapenda sana. Mmoja alisema ukilivaa unahisi uko likizo kwa bibi yako. Nikifika hapo nageukia cherehani, maana kuna kipande cha hadithi ambacho wewe hukukisema na mimi sikisemi.

Wiki mbili baada ya arobaini wakaja wenzako wa matarumbeta. Mzee Kondo akataka mashati kumi na mawili kwa ajili ya harusi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. "Yawe kama la Salumu," akasema. Ningekataa, lakini ningewakataaje watu uliowapigia ngoma kila wikiendi, waliokusindikiza mpaka kaburini? Tena nikajiwekea nadhiri. Nikiyaweza haya kumi na mawili, Dungu inaendelea. Nikishindwa, nashusha kibao, nakaa hapa napunguza suruali za watu urefu mpaka nizeeke.

Nikalifumua shati lako kwa wembe, uzi kwa uzi. Lilikuwa bado linanuka wewe, jasho na yale mafuta yako ya nazi. Kila kipande nikakilaza juu ya karatasi ya kaki nikakichora. Nilipofika bega la kushoto nikakuta, katikati ya tabaka mbili za kitambaa, kuna kimto. Mikunjo mitano ya kanga imeshonwa pamoja, bapa kama andazi lililokaliwa. Kanga yenyewe nikaijua hapo hapo. Ni ile nyekundu ya Bibi, aliyotubebea mgongoni sote kwa zamu, akatupa siku tulipofungua kazi ili iwe baraka. Bega la kulia halikuwa na kitu.

Nikacheka peke yangu. Nikasema, huyu mjanja, amejiwekea mto wa mkanda wa ngoma usimkate! Na kwa kuwa mashati ni ya wapiga matarumbeta, nikaona hii ndiyo siri yako, hili ndilo lililokuwa likikufanya upendeze. Nikaitoa kanga ya Bibi sandukuni, yote iliyobaki, nikaikata. Vimto kumi na viwili. Nilikuwa na furaha, Salumu. Mara ya kwanza tangu ufe. Niliimba hata ule wimbo.

Ijumaa wakaja kujaribu. Wa kwanza alikuwa yule mwembamba mpiga tarumbeta, na nikaona bega lake la kushoto limepanda. Nikamfokea, "Simama sawa! Mwanaume mzima unasimama upande kama mlango uliong'oka bawaba." Maskini akajinyoosha. Bega likabaki kule kule juu. Akaja wa pili, akaja wa tatu. Kufikia wa sita nilikuwa natafuta futi nipime upya. Wote kumi na wawili wamejipanga barazani, bega la kushoto juu, kama watu walioulizwa swali na hakuna anayejua jibu. Wapita njia wakaanza kucheka. Mchoma mahindi alikuja kabisa kuangalia, amewaacha wateja wake wamesimama.

"Dada Zuhura," Mzee Kondo akasema, "umetushonea au umetukomoa?"

Nikamweleza habari ya mkanda wa ngoma. Akanitazama, kisha akasema taratibu, kama mtu anayeogopa kunivunja, "Salumu mkanda alikuwa anavaa bega la kulia, mama. La kushoto ulikuwa haukai. Unateleza."

Nikakaa chini sakafuni, kwenye vipande vya nyuzi.

Kwa sababu bega lile nalijua. Ulikuwa na miaka sita, mimi kumi na mmoja, tuko juu ya dungu, na wewe tangu asubuhi unapiga debe na wimbo ule ule, ule ule, kichwa kinaniuma. Nikashuka. Nikaiondoa ngazi ili ukome, nikaenda mtoni kupiga soga na wenzangu. Nilisikia debe linalia, nikajua upo. Kisha debe likanyamaza na bado sikurudi. Ulipochoka kuningoja ukajaribu kushuka mwenyewe.

Fundi wa mifupa alikufunga na vipande vya mianzi. Mfupa ukaunga, lakini bega likabaki limeshuka. Ulimwambia Bibi umeteleza. Naye akalibomoa dungu kwa mikono yake, mti mmoja mmoja, akasema kosa ni lake aliyepandisha watoto wadogo kule juu. Nilikuwa nimesimama pale nashika vijiti alivyokuwa akinipa. Sikusema kitu.

Tulipokuja mjini ukaligeuza kuwa utani. Kila ukipanda kigoda kuchukua jora la kitambaa: "Da Zuhura, ngazi usiiondoe!" Na mimi nacheka. Naweza kukuapia kwamba nilicheka kwa moyo mweupe, maana nikikutazama nilikuwa namwona kijana amenyooka, mabega sawa, shati limemkaa. Nikaamini limepona lenyewe, Mungu kasawazisha. Kumbe ni wewe uliyekuwa unasawazisha, katika kila shati lako, mikunjo mitano mitano. Ulikuwa unawaficha wateja, au ulikuwa unanificha mimi? Hilo ndilo ninalotaka kujua. Nimuulize nani sasa?

Nilikwenda kwa Mjomba Hamisi kuungama habari ya shati. Hakunikasirikia. Akasema, "Nililiona bega wakati wa kumwosha. Nilidhani unajua, mwanangu." Basi, sanda haina mabega. Ndiyo nguo pekee uliyoivaa bila kujirekebisha kwa ajili ya macho ya mtu.

Mashati niliyatoa vimto nikayarudishia mishono, lakini kitambaa kilikuwa kimeshakatwa kwa nafasi ya kimto, kikabaki kimelegea upande mmoja. Wakayavaa hivyo hivyo. Jumatatu Mzee Kondo akapita, akasema walipiga mpaka bibi harusi akavua viatu, na hakuna aliyetazama mabega. Alikuwa anasema uongo wa mtu mwema. Tangu hapo watu wanakuja, "Shati la Dungu lipo?" Nawaambia njooni wiki ijayo. Wiki ijayo nawaambia hivyo hivyo. Karatasi yangu ya kaki ninayo, nimeipiga mistari mpaka imetoboka, na kila nikikata linatoka shati la mtu mwingine.

Nilijaribu kuiunganisha kanga. Nilivipanga vipande sakafuni kama watoto wanavyopanga vigae. Yale maneno yake yamekatika katikati ya herufi, na sikumbuki kanga ile ilikuwa inasemaje. Nimebebwa nayo utoto wangu wote, sikumbuki. Na naona aibu kumpigia Bibi kumuuliza.

Bibi naye anapiga kila Jumapili. Unakumbuka swali lake la miaka yote? "Bega la Salumu je?" Tukasema uzee huo. Nikawa namjibu kwa niaba yako huku natunga uzi kwenye sindano, "Zima kabisa, Bibi." Jumapili iliyopita alisahau kwamba umekufa. Akauliza, "Bega lake je?" Kisha akakumbuka, nikamsikia anahema tu kwenye simu.

Ametuuliza miaka yote akiwa Lindi. Mimi niliyekuwa meza moja na wewe sikukuuliza hata siku moja kama linauma.

Shati lako nimelishona tena. Nimekirudisha kimto pale pale ulipokiweka, kwa matundu yale yale ya sindano yako. Mjomba alilijaribu akacheka, kisha akageuka upande. Akasema hili halimkai mtu, lipeleke kwa mwenye kanga. Basi Alhamisi nakwenda Lindi. Macho ya Bibi yamepungua, lakini vidole vyake vitafika begani kabla sijafungua mdomo, nami nitaufungua kabla hajauliza. Nitamwambia dungu halikuwa na kosa, wala yeye. Nitamwambia nani aliiondoa ngazi. Akinifukuza, haki yake.

Kibao bado kipo mlangoni. Nikirudi sijui kama nitakishusha au nitakiacha, na hilo siwezi kukuahidi, Salumu, nimechoka kuahidi mambo nisiyoyaweza. La ngazi tu ndilo ninaloliweza, na hilo nakuahidi.

Basi kwa heri. Pumzika na bega lako kama lilivyo.

Dada yako, aliyeiondoa,
Zuhura