Meli Haina Stendi

Kaka yangu Elibariki,

Shikamoo. Ninakuandikia hapa kwenye kundi la ukoo, kila mtu asome, kwa sababu nilikukosea mbele ya ukoo mzima. Nikikuomba msamaha pembeni nitakuwa mjanja tu.

Shule zilipofunga niliwapeleka Neema na Brayani Tanga, kwa shangazi yao. Huko kuna makumbusho ya mambo ya bahari, vitu vyote vimewekwa nje kwenye majani: nanga inayomzidi Brayani urefu, injini yenye kutu, boti ya kuokolea watu. Nilikwenda shingo upande. Unanijua, mimi maji nayapenda yakiwa kwenye ndoo. Watoto ndio walionikaba: "Mama, twende tukaone kazini kwa mjomba!"

Kulikuwa na koti la mvua la baharia limetundikwa, rangi ya chungwa, kama lile ulilomletea mama. Unakumbuka alivyolivaa? Julai yote, baridi ya Meru ikituuma hapa Levolosi, mama anakamua ng'ombe na koti la melini. Majirani wakimcheka anawaambia, "Nyie wenu wamewaletea nini?" Hadi kanisani alitaka kwenda nalo, baba akakataa katakata.

Basi nikaikumbuka na ile siku nyingine.

Mama tulimzika Machame Jumamosi. Wewe ulifika wiki ya tatu, umekonda, begi bado liko begani. Hata maji hujapewa, nikasimama mbele ya wazee nikasema, "Huyu hana uchungu na mama. Wote tumepata basi, yeye amekosa nini?" Ukanijibu polepole, "Meli haina stendi, mdogo wangu." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Kesho yake asubuhi ukaondoka. Huu mwaka wa tatu hujakanyaga nyumbani, na simu zangu hupokei. Nami kwa kiburi changu nikawa nasema, acha anune, atachoka.

Sasa sikia. Pale makumbusho wameweka chumba cha mabaharia, kimekatwa kutoka kwenye meli ya zamani kikawekwa chini kama kibanda. Vitanda viwili, kimoja juu ya kingine. Brayani akapanda cha juu, akajigonga kichwa. Anayetembeza wageni ni mama wa makamo aliyepika melini miaka mingi. Neema akamuuliza, "Shikamoo bibi. Mtu akifiwa na mama yake akiwa humu, anashukia wapi?"

"Marahaba. Hashuki, mjukuu wangu. Nchi kavu inaweza kuwa mbali, wiki mbili, wiki tatu. Analala hapo, analia. Zamu yake ikifika, anaamka anaenda kazini."

Neema akanigeukia. Machame alikuwepo, alinisikia. Akasema, "Kumbe mjomba alisema kweli."

Nikakaa kwenye kitanda cha chini. Nilinyoosha mkono, ukagusa ukuta wa pili. Sisi tulimlilia mama tukiwa mamia, tunapikiwa, tunashikwa mikono, na wewe ulimlilia kwenye kijichumba kile, halafu ukaja nyumbani kutafuta pa kulia na watu wako, nami nikakufukuza. Nililia, kaka. Nililia hadi Brayani akanipepea na kofia yake, akidhani ni joto la Tanga.

Mimi ndiye niliyekosa. Si wazee waliocheka, ni mimi niliyeanza.

Tuliporudi nilichuma jani la isale, lile letu la kuombea msamaha, kule Sekei kwenye uzio wa rafiki yake mama, nikalifunga fundo kama alivyotufundisha. Nimemkabidhi baba mdogo, atakuja nalo bandarini Dar meli yenu ikitia nanga. Unajua kwetu anayeletewa isale hakatai, lakini sitaki upokee kwa sababu ya mila tu. Ukiwa bado na hasira, njoo nayo. Njoo unigombeze hapa hapa nyumbani, mbele ya hao hao wazee. Nitanyamaza, jambo ambalo wote humu wanajua siliwezi.

Koti la mama bado limening'inia zizini. Hakuna aliyethubutu kulivaa.

Shikamoo nimeshakuamkia pale juu. Nasubiri marahaba yako.

Mdogo wako mwenye mdomo