Mama Ndani ya Mafunjo

Jumatatu, 7 Machi 2011

Desini, mchoro wangu wa ziwa, imeisha! Siku tatu Mama alisimama ndani ya maji na ule mguu wake mbaya, anakata mafunjo ya mikeka ili nimchore. Nyuma yake korongo wanne. Habamuogopi, bamemuzoea. Leo amezunguka kijiji chetu chote cha Misiera kutangaza: mimi niko mu kitabu.

Alhamisi, 10 Machi

Nimetoka Mbarara. Hasira tupu!

Mwalimu Muzamiru — kitabu ni chake, yeye anaandika, mimi nachora — alisifu korongo, alisifu maji. Halafu akagonga kidole juu ya Mama. Huyu atoke. Sura hii ni ya pori, sasa mtu anafanya nini mu pori?

Ati pori! Mahali petu, fasi tunaishi miaka kumi na tatu! Nikamwambia korongo wanashuka pale kwa sababu Mama amekata, wamepata fasi ya kusimama. Akacheka.

Kisha akanipeleka nyuma ya nyumba nichore bustani yake, kwa ile sura ya mjini. Sukuma wiki, waridi ndani ya makopo ya rangi. Akamwita bibi yake wa ndoa, Hajati Zaharah, avae gauni mpya la gomesi asimame katikati. Bustani bila mwenyewe haipendezi, anasema.

Kumbe! Bustani ina mwenyewe. Mama yangu ni takataka ya ziwa.

Hajati aliona haya, macho chini. Sikumhurumia. Nilimchora, na ametoka mzuri sana. Mkono huu mjinga, haujui kuchora vibaya.

Ijumaa, 11 Machi

Simtoi. Hapana!

Jumamosi, 12 Machi

Mwalimu amepiga simu. Mama asipotoka mpaka Jumatatu, atatafuta mchoraji mwingine, na jina langu halitakuwa kwenye jalada. Karatasi zangu zote zinasema mkimbizi. Hii moja tu ingesema mchoraji. Na yeye anajua! Mshenzi.

Wino hautoki na gomu ya kufutia. Unakwangua na wembe, polepole, karatasi isitoboke. Nilianza na miguu ya Mama, kwa sababu iko ndani ya maji, haionekani sana. Nimefika shingoni.

Mama ameingia na chai. Mariette na Nyirakamana, majirani, wako mlangoni — amebaleta bamuone mu desini. Nimeweka daftari hili juu yake, basiione, naandika tu ili nisitoe mkono. Anawaambia wakae. Mwanangu yuko na kazi, anasema, tungoje amalize.