Aliniambia Nisiandike

Nyumba ya Madaktari,
Chumba namba 14.
Jumapili, 9 Machi.

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, na lile goti limepungua uvimbe. Ukinijibu kwamba unaendelea vizuri sitaamini mpaka uniambie unapanda ngazi bila kushika ukuta. Na Baba Mdogo presha yake ikoje? Anameza dawa kila siku, au bado anazimeza siku anazojisikia vibaya tu? Mwambie daktari wenu wa nyumbani ameuliza.

Mimi ni mzima wa mwili. Mama naye hajambo. Ameanza kuvaa miwani na hataki mtu aiseme.

Umeniandikia mara mbili na sijajibu. Ukamwambia Mama kwamba bila shaka kazi imenizidi, naye akakubali, nami nikaliacha hivyo hivyo. Kazi ipo, lakini si kazi iliyonizuia, Mama Mdogo. Nilikuwa naona haya. Kuna jambo nililofanya ambalo litakufikia siku moja kupitia ndugu za Baba Mdogo, kama halijakufikia tayari. Nataka ulisikie kutoka kwangu, pamoja na zile sehemu ambazo wao hawazijui.

Ni habari ya mwaka jana, nilipokuwa naomba nafasi ya kusomea ubingwa wa magonjwa ya ndani. Nilikueleza kwenye simu ukasema mambo yetu yamekaa kama posa, na hukukosea. Kila mwombaji anaziorodhesha hospitali anazozitaka, ya kwanza mpaka ya mwisho. Hospitali nazo zinatuorodhesha sisi. Siku ya mwisho orodha zote zinafungwa, kompyuta inazilinganisha, na unapelekwa ulikoangukia. Ni miaka minne ya maisha yako, kwa hiyo kila mtu anahangaika kujua wapi ni pazuri kwelikweli na wapi wamepaka rangi tu.

Unanijua. Sinunui hata ndoo bila kuzigeuza ndoo zote za dukani. Nilitembelea hospitali tatu na nikachora jedwali: zamu ngapi kwa mwezi, wagonjwa wangapi kwa daktari mmoja, nani anafundisha, wangapi wanafaulu mtihani wa mwisho. Ile mpya yenye vioo ina mashine za kila aina, lakini wanafunzi wanasimama nyuma ya mabingwa kama watu waliokosa viti. Ile ndogo walimu wake ni wapole sana, ila kila kipimo kigumu kinasafirishwa mbali, na majibu yanarudi mgonjwa ameshakwenda zake.

Ya tatu ni hii kongwe, alikokuwa Kidoti.

Kidoti mimi nilikuwa simjui hasa. Nilijua ni mtoto wa dada yake Baba Mdogo, kwamba ana alama ile shavuni iliyompa jina, na kwamba yuko mwaka wa pili wa ubingwa. Wewe ndiye uliyempigia simu ukamwambia anipokee. Na alinipokea. Alinitembeza wodi zote, akanionyesha hata vyoo, akasema hakuna anayemwonyesha mgeni vyoo na ndivyo vinavyosema ukweli.

Mwishoni tukaingia kwenye chumba cha chai cha wodi ya wanaume, chumba chenye sinki moja na makoti meupe yametundikwa kwenye misumari. Alikula mkate akiwa amesimama. Nikamuuliza, ukiacha yale tunayoambiwa wageni, hapa pakoje?

Akaurudisha mlango kwanza. "Hili nakuambia kwa sababu wewe ni mtu wa kwa Mjomba," alisema. "Usiliandike."

Akaniambia kwamba bingwa wa wodi ile haji siku za Alhamisi. Anakuja Ijumaa na kusaini kitabu kana kwamba alikuwepo. Alhamisi Kidoti anazunguka vitanda thelathini na sita peke yake. Siku moja mzee wa watu alijaa maji kwenye mapafu, Kidoti akahangaika naye kwa muda wa saa mbili bila mtu wa kumuuliza. Mzee alipona. Kidoti alipotoka pale alijifungia kwenye stoo ya mashuka akalia.

"Sasa kwa nini usihame?" nikamuuliza.

"Kwa sababu siku nyingine zote nafundishwa na watu wanaojua. Ukiniambia nichague tena, nachagua hapa hapa."

Nilimshukuru. Nilipofika nyumbani nikafungua jedwali langu, na kwenye safu ya maoni nikaandika: "Wodi ya wanaume, bingwa haji Alhamisi, husaini Ijumaa. Nimeambiwa na daktari wa mwaka wa pili wa zamu hiyo." Nakumbuka nilivyojisikia. Nilijiona mtu makini. Niliona hilo ndilo jambo la maana kuliko yote niliyokusanya, na kuliacha nje kungeharibu kazi yangu.

Jedwali nikawatumia wenzangu wanne kwenye simu. Wakanisifu. Mmoja wao tunamwita Redio, na jina hilo hakulipata bure. Ndani ya juma moja waombaji wa kila mahali walikuwa nalo.

Redio mwenyewe ndiye aliyeniletea habari, sauti imemkauka. "Jedwali lako liko mezani kwa mkuu wa idara. Wanamtafuta aliyesema."

Hawakuhitaji kutafuta. Daktari wa mwaka wa pili kwenye zamu ile ni mmoja tu.

Siku hiyo hiyo Kidoti alinitumia ujumbe wa maneno mawili: "Ni wewe?"

Niliutazama mpaka kioo cha simu kikazima. Kisha nikajibu: "Jedwali lilipita mikono mingi."

Huo ndio mwiba wenyewe, Mama Mdogo. Ningeweza kukuambia ulimi uliteleza, au Redio ndiye aliyenichoma. Lakini jibu lile nililifikiria. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa orodha zifungwe, na hospitali ile nilikuwa nimeiweka namba moja. Mkuu wa idara ndiye anayewaorodhesha waombaji wa kwake. Nikijitaja, naye ananishusha mpaka chini. Kwa hiyo nilijikausha. Kidoti hakunijibu, na hakunitaja. Walipomuuliza alisema maneno ni yake na asiulizwe alimwambia nani.

Akapewa barua ya onyo kwa kutoa nje mambo ya idara. Alikuwa amependekezwa kuwa kiongozi wa madaktari walio mafunzoni, nafasi ambayo bila shaka mama yake alishautangazia ukoo mzima. Akapewa mwingine.

Siku kumi na tisa nilikula, nilicheka, nilimsindikiza Mama kupima macho. Orodha zikafungwa Jumatatu. Jumanne asubuhi nilikuwa mlangoni kwa mkuu wa idara.

Ni mama mtu mzima, mwenye sauti ya chini. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Orodha zimefungwa lini?"

"Jana."

"Ulikuwa unaijua tarehe?"

"Nilikuwa naijua."

Akaivua miwani, akaifuta taratibu. "Onyo nitaliondoa kwenye faili lake, kwa sababu alichosema ni kweli na nimeshakithibitisha. Ile nafasi imeshachukuliwa, siwezi kumnyang'anya mwingine. Wewe nenda." Nilipofika mlangoni akaongeza, "Kusema umesema. Ila umekuja siku ambayo haikugharimu kitu."

Sijawahi kupigwa kofi likaniuma kama neno lile.

Majibu yalipotoka nikakuta nimepangiwa hapa, chaguo langu la kwanza. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Wewe ulinitumia ujumbe mrefu wa baraka, nami nikakujibu "ahsante" moja kavu. Sasa unajua kwa nini.

Nimeanza kazi mwezi wa pili, wodi ya wanaume. Kidoti ndiye aliye juu yangu. Siku ya kwanza nilimngoja kwenye korido nikamwambia kwamba ni mimi niliyeandika, ni mimi niliyesambaza, na jibu langu lilikuwa la kumkwepa. Nikamwomba msamaha.

"Najua," alisema. "Nilijua ulipojibu. Mtu asiyehusika angeniuliza kumetokea nini." Kisha akanikabidhi mafaili. "Kitanda cha saba hajapimwa sukari tangu asubuhi."

Watu wananifariji. Redio anasema tazama, bingwa sasa anakuja kila Alhamisi bila kukosa, kwa hiyo umewasaidia wagonjwa. Ni kweli anakuja. Lakini sikuandika kwa ajili ya wagonjwa, na aliyelipa si mimi.

Na Kidoti hanionei, Mama Mdogo. Ungedhani angenitwisha zamu mbaya au kunifokea mbele ya wauguzi. Hapana. Nikikosea ananirekebisha kwa upole. Juzi alinishika mkono akaniwekea vidole mahali hasa pa kulipapasa ini, na akangoja mpaka nikalipata. Ananifundisha kila anachokijua. Isipokuwa nikiingia chumba cha chai akiwa anazungumza na wenzake, anamalizia sentensi, anasuuza kikombe chake, anatoka. Sijui nyumbani kwao wanaendeleaje. Sijui kama anachoka. Tangu nimefika hajaniambia neno moja lisilohusu mgonjwa.

Nakuomba jambo moja. Usimpigie simu kunitetea. Najua moyo wako, utataka kutuketisha pamoja tuyamalize. Safari hii tuache. Akitaka kusema nami atasema, na asipotaka ana haki yake. Ukizungumza naye, mwambie tu kwamba unajua alichofanyiwa, na kwamba mimi ndiye niliyekuambia.

Kama umekasirika, niandikie ukiwa umekasirika. Afadhali hivyo kuliko ukimya.

Nisalimie Baba Mdogo, na akitaka kuisoma barua hii mpe aisome. Wasalimie mapacha, na yule dada wa jirani anayekufulia wakati huu wa goti. Mungu akupe mguu mwepesi na usingizi mzuri, na akulinde mpaka tuonane uso kwa uso, siku nitakapokuwa na uso wa kukuonyesha.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Mtoto wa dada yako.