Nilimwambia Habiba Mvua Haipo

Dada Rehema mpenzi,

Pokea salamu za Takaba, zimejaa vumbi. Ule mchezo wangu wa kutabiri hali ya hewa leo umenitia hofu. Asubuhi jirani yangu Habiba aliniuliza, "Mwalimu, leo mvua iko?" Nikatazama anga na kipimahewa changu, nikamwambia haipo. Basi akapeleka mbuzi laga, ule mto mkavu, wakanywe kwenye visima vya mchangani. Sasa picha za setilaiti zinaonyesha mvua kubwa milimani, upande wa Ethiopia, na maji ya laga hutoka huko! Sikulifikiria hilo. Nimemtuma mtu wa pikipiki akamwite. Namngoja, nakuandikia ili nisilie. Wakumbatie watoto, uniombee mdogo wako. Nasikia mngurumo kwa mbali, upande wa laga, na hapa angani hakuna wingu hata moja.