Ruracio Yangu Ndani ya Friza

Ijumaa, 14 Novemba

Diski ya ruracio yangu, sherehe ya kupeleka mahari, imefika! Mwenye kuoa sikuwepo — likizo nilinyimwa huku Doha — ndugu yangu Owen akapeleka mahari kwa niaba yangu. Wanawake wakafunikwa leso gubigubi, naye amtambue mchumba wangu Wanjiru ni yupi. Alipatia? Nikipiga simu nyumbani wanacheka tu: utajionea.

Charity, shangazi yake Wanjiru, hataki ukoo uanikwe TikTok, ndiyo maana akatafuta diski ya kujifuta. Nami na kipara changu nikaifungulia kanisani Mesaimeer baada ya ibada. Zawadi ya nyumbani si hufunguliwa mbele ya watu? Ikaombewa. Ikapita mkono kwa mkono. Ndipo nikasoma pakiti: ikishapata hewa, siku mbili tu.

Na Doha hii nani ana deki ya kuchezea diski?

Jumamosi, 15 Novemba

Jana diski ilikuwa nyekundu, leo kama chai ya rangi. Mike, tunayekaa naye hapa Muaither, ni mtu wa kompyuta. Amenieleza polepole kama mtoto: ndani kuna rangi inayokolea ikiguswa na hewa, ikiwa nyeusi, mwanga wa kuisoma haupenyi. Picha zenyewe zipo, ila nyuma ya pazia. Baridi huchelewesha. Basi tumeitia kwenye mfuko wa plastiki, akanyonya hewa kwa mrija, tukailaza kwenye friza.

"Mzee, bibi yako leo analala na tilapia."

Nimezunguka maduka ya Al Sadd yote kutafuta deki. Muuzaji mmoja kaniuliza kama nahitaji na kaseti. Ila Mike ataazima kisomeo cha diski kazini kwao.

Jumapili, 16 Novemba

Kisomeo kipo. Mike ananakili huku tunatazama. Inakwama, inaruka. Owen na suti yangu. Wanawake kwenye mstari, leso hadi magotini —

Nimemwona! Wa mwisho kushoto. Viatu vya dhahabu nilivyomtumia mwenyewe! Owen anavipita, mjinga huyu. Anasimama kwa yule wa katikati. Ananyoosha mkono —

Giza.

Mike anasema tuirudishe kwenye baridi kwanza. Naandika nimekaa juu ya ndoo, nailinda friza.

Wanjiru amepiga. Nimejigamba: hata kwa leso, nilikujua kwa viatu.

Akanijibu: "Mzee wangu, hivyo viatu nilimvalisha Shangazi Charity."

Nikamuuliza yeye alikuwa wapi kwenye mstari. Anacheka. Anasema niangalie diski.

Nimefungua friza. Diski nyeusi tii.