Simu Ilisema Unanifuata

Mwananyamala Kisiwani,
Dar es Salaam.
Jumapili, 22 Juni 2014.

Mpendwa mdogo wangu Albano,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia kimoyomoyo, maana hilo hata Kanada haijakutoa kinywani. Hujambo, mdogo wangu? Kifua kimeacha kukubana? Na yule mwenzako wa kazini aliyeteleza kwenye barafu akavunjika mguu, ameshaanza kutembea? Namwombea, ingawa jina lake lilikatwa kwenye meseji, kwa hiyo namwombea kama yule wa mguu. Mungu atamjua.

Sisi huku tuko salama. Baba anakula vizuri na kulalamika vizuri zaidi. Herieth mwanangu yupo likizo, anasema shikamoo mjomba. Mie ni mgongo tu, na huo ni wa cherehani, tumeshazoeana.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu zipo. Nimechoka kukatwa, Albano. Simu yangu ikifika mahali fulani inakata maneno hata kama mtu yuko katikati ya pumzi, na leo nina maneno marefu.

Tuanze mwanzo. Mwezi wa Januari, kabla ya kwenda chuoni Morogoro, Herieth alichukua kitochi changu akakiunganisha na ule mtandao wenu. Unakijua kitochi, kile kisimu cha vitufe chenye taa, hakina picha wala intaneti. Akasema kila utakachoandika wewe huko kitanijia kama meseji ya kawaida. Nikamwambia mwanangu usinichezee. Akabonyeza weee, akanifungulia jina langu mwenyewe humo mtandaoni, akaondoka. Siku ya tatu nikiwa nashona sketi za shule, simu ikatetemeka kwenye droo ya cherehani, katikati ya vifungo. Nikasoma: Albano Kasiani: Theluji imefika magotini, leo nimekunywa chai ya tangawizi vikombe vitano. Mguu ukasimama wenyewe kwenye pedeli. Miaka kumi na tisa umeondoka, na sikuwahi kujua siku hiyo hiyo kwamba umekunywa chai.

Tangu hapo nikawa naishi sehemu mbili. Mkono unashona hapa, kichwa kiko kwako. Theluji sijaiona, kwa hiyo nimeitengeneza mwenyewe: ni unga wa muhogo ulioanikwa mji mzima, na wingu likitanda hakuna anayetoka kuuanua. Wewe unapita juu yake na lile shati la kahawia nililokushonea siku unaondoka, lile lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Usiniambie ulishalitupa. Kwenye kichwa changu bado unalo, na bado una miaka ishirini na minne.

Picha zako haziji. Zinakuja habari za picha. Albano Kasiani ameweka picha mpya, basi, imeishia hapo. Nafumba macho naiweka mwenyewe. Herieth alitaka kunionyesha za kweli kwenye simu yake kubwa, nikakataa. Nilimwambia macho yananiuma, lakini ukweli niliogopa kukuta mzee ambaye simjui.

Jioni namsomea baba. Unajua macho yake yalikwisha kabisa mwaka juzi, kwa hiyo yeye na kitochi changu wako sawa, wote hawana picha. Anauliza, leo Albano kasema nini? Na palipokatwa tunamalizia wenyewe, kila mtu lake. Ile ya mwezi wa tatu ilitusumbua sana. Uliandika umeota uko nyumbani, baba anakuita kwa lile jina la utotoni, ukaitika, ukaamka ukakuta ni. Ikakatwa hapo. Baba anashikilia ulikuta ni upepo. Mie nasema ni jirani anagonga mlango. Tumebishana mwezi mzima, na mpaka leo hatujui. Ulikuta ni nini, Albano?

Sasa nije kwenye lililonifanya nichukue kalamu.

Jumanne moja ya mwezi wa tano simu ikatetemeka. Nikafungua droo bila haraka. Imeandikwa: Albano Kasiani sasa anakufuata.

Hiyo haikukatwa. Ilikuja nzima, ina mwanzo na mwisho, na nadhani ndiyo sababu niliiamini. Nikamsomea baba. Akaniambia nirudie, nikarudia. Akauliza, "Anakufuata wewe peke yako, au anatufuata sote?"

Nikamwambia simu ni yangu ndiyo maana imenitaja mimi, lakini Albano hawezi kunichukua akamwacha yeye. Akasema basi nimtafutie viatu.

Vile vyeusi vya ngozi, vya harusi yangu. Kuanzia siku ile kila asubuhi akishakunywa chai ananyoosha miguu, namvalisha, namfunga kamba, namkalisha barazani. Wapita njia wakimtania, mzee safari ya wapi, anawajibu kijana wake anakuja kutufuata. Wengine wakaanza kumwuliza Kanada kunalimwa nini. Alikuwa anawajibu, tena kwa kirefu.

Nami, Albano, usinicheke. Nilifua mapazia yote. Nilitoa vitambaa kwenye chumba chako. Wateja wawili niliwarudishia kazi zao nikawaambia nasafiri, na mmoja alikuwa ameshalipa nusu. Nikishika mkasi nasahau ninakata nini. Naona sisi watatu kwenye ule unga wa muhogo, wewe upande huu, mie upande huu, baba katikati na viatu vyake, anatuuliza huo unga una rangi gani, na sote tunacheka kwa sababu hauna rangi. Mama Tusajigwe, jirani wa mlango wa pili, alinikuta nimesimama uani na ndoo tupu, akaniuliza kama nimeitwa au nimelogwa.

Utauliza kwa nini sikupiga simu kuhakikisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hatumpigii mgeni kumwuliza kama kweli anakuja, anaweza kudhani hatakiwi. Nilichofanya ni kujibu ile meseji palepale. Niliandika: Karibu sana mdogo wangu. Chumba ni kile kile. Baba anauliza kama bado unakula ming'oko ya kuchemsha. Usipotukuta ufunguo uko chini ya ndoo ya bluu.

Asubuhi yake likaja jibu: Albano Kasiani na wengine 13 wamependa ujumbe wako. Wale kumi na watatu sikuwaelewa, nikadhani ni rafiki zako unaokaa nao. Lakini wewe umependa. Kwangu ikawa imekwisha, tumekubaliana.

Wiki ya pili Herieth akarudi likizo. Akamkuta babu yake barazani na viatu, akakuta mapazia, akaniuliza mama kuna msiba au harusi. Nikampa simu asome mwenyewe. Akasoma, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akatazama ile miguu ya baba na kicheko kikamwishia.

Akanivuta ndani. Akasema kwa upole, na Herieth ninavyomjua si mtu wa upole, kwamba mtandaoni kufuata si kuja. Ni kubonyeza mahali ili uwe unaona mtu anachoandika. Mjomba alikuta jina langu humo, akabonyeza. Ni kidole tu, mama. Na jibu langu halikwenda kwako peke yako, lilibandikwa hadharani dunia nzima isome. Alipofika hapo akatoka mbio kwenda kuhamisha ufunguo kabla hajanywa hata maji.

Nilicheka. Kweli nilicheka, ndoo ya bluu inachekesha. Halafu nikaingia chumbani kwako kwenye mapazia masafi nikalia kama mtoto. Na nilikukasirikia, nakuambia wazi. Ulisoma kwamba chumba ni kile kile, ulisoma baba anakuuliza, ukabonyeza kwamba umependa, ukaenda kazini. Ulidhani dada anatania? Pengine ulidhani hivyo. Hasira zimeisha sasa, nimeziandika zikaisha.

Baba alielezwa na Herieth, mie sikuweza. Nilikaa nyuma ya mlango nikisikiliza. Akamweleza polepole, kubonyeza, kuona, yote. Baba akauliza, "Kwa hiyo haji. Anatutazama."

"Eeh babu, ndo hivyo. Anatutazama tu."

"Basi na anitazame nimevaa viatu."

Na mpaka leo anavivaa. Nilidhani ataacha, wiki ya nne sasa hajaacha. Wapita njia wakimwuliza, hasemi tena kuhusu Kanada. Anasema amekaa tu.

Albano, unakumbuka nilivyokuja kukufuata Masasi? Mama alikuwa amefariki, baba yuko huku Dar anachonga vinyago vya watu, wewe una miaka tisa umeachwa kwa majirani. Nilituma salamu kwamba nakufuata, gari likaharibika nikachelewa siku mbili. Nilikukuta mlangoni umekaa juu ya gunia, viatu miguuni. Wenyeji wakaniambia umelala navyo siku zote mbili. Ukaniambia uliogopa kuvivua, nisije nikafika nikakukuta hujawa tayari.

Sasa nikimfunga baba kamba asubuhi naiona ile miguu yako midogo. Sijamwambia. Nadhani anajua.

Lingine ni hili, na hili ndilo lenyewe. Mwezi uliopita nilimpeleka hospitali, si mbali na hapa. Daktari, binti mpole, alinivuta pembeni akasema moyo wa mzee umechoka sana. Dawa zitamsaidia, lakini tusijidanganye kuhusu mwakani. Kwenye simu zako za Krismasi na Pasaka siwezi kukwambia yanayomhusu, kwa sababu yeye huwa amekaa pembeni yangu ameinamisha sikio. Na mtandaoni siandiki, maana watu kumi na wanne watapenda.

Anachotaka ni kitu kimoja. Anasema uso wako asingeuona hata ukija, lakini akishika mikono yako atajua kama ulifanya kazi ya haki huko ulikokuwa. Anasema mikono haidanganyi fundi. Nguo hataki wala hela hataki. Anataka hiyo mikono.

Wanasema macho hayana pazia. Tutazame utakavyo, mdogo wangu, sikukatazi, napenda hata kujua kuna mtu Kanada anasoma habari za ndoo yangu. Lakini mie ni wa zamani, na kwetu anayesema anakufuata ameshavaa. Mie nilipokuambia nakufuata nilikuja. Nilichelewa, lakini nilikuja. Basi nifuate na wewe, kwa lile neno la Masasi.

Mama Tusajigwe anakusalimu, anasema amepaona pale chini ya ndoo, ufunguo haupo. Herieth anakusalimu tena na kukuomba radhi kwa kicheko. Baba hatumi salamu, anasema salamu zake anazo mwenyewe mikononi. Nisalimie yule wa mguu.

Mungu akuongoze salama popote unapokanyaga, na pasipo na njia akufungulie.

Wako akupendaye, mwenye chumba chako,
Dada yako Anjelina.

Jumatatu asubuhi. Nimefungua bahasha tena, nisamehe kwa gundi kuchafuka. Simu imetetemeka sasa hivi, nakunakilia kama ilivyo: Albano Kasiani: Leo jua kali, tumekaa nje na majirani tangu asubuhi, nimekumbuka nyumbani mpaka basi. Nikasema potelea mbali, hatimaye nimekata tik

Imekatwa hapo. Herieth ameondoka alfajiri kurudi chuoni na simu yake kubwa, tumebaki mie, baba na kitochi. Ningeweza kungoja afike nimpigie anisomee mwisho wake, lakini nimeona acha. Nimemsomea baba mara tatu. Yeye anasema hakuna mtu mwenye akili anayetangazia dunia nzima kwamba amekata tikiti maji. Mie watu wa mtandaoni nimeshawajua kuliko yeye, kwa hiyo nimenyamaza. Ameomba viatu vipakwe rangi.

Barua naituma hivyo hivyo. Kama ni tikiti, ikukute upesi. Kama ni tiketi, Albano, ikukose.