Mstari Uliotetemeka

Torino, 9 Februari 1971

Kwako Baba,

Nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Bakuli lilifika Novemba na sasa ni Februari. Ningeweza kumsingizia mtoto, na kweli Ersilia ana miezi mitatu na nusu na analia kama mlango usiotiwa mafuta. Lakini nilichelewa kwa hasira, sitaki kukudanganya.

Hujambo? Kifua je, na ukungu wa Faenza? Sisi wazima. Tullio anakusalimu. Usingizi ndio sijauona tangu Oktoba.

Baba, nyumbani kwetu hakuna mwanamke aliyewahi kujifungua asipate impagliata yake. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba jina hilo ni la mzazi mwenyewe, yule aliyelazwa juu ya nyasi kavu, na vyombo vyake vikaja kuitwa vivyo hivyo. Bakuli la supu, sahani ya mkate ya kulifunika, kikombe cha mvinyo juu yake, kibakuli cha chumvi na kifuniko chake. Vitano. Mama alipewa vitano. Mimi nimeletewa bakuli peke yake, kama kiatu cha mguu mmoja.

Na hilo bakuli! Mstari wa ukingoni unatetemeka mzunguko mzima. Nilikaa meza moja ya uchoraji na Guerrino karakanani kwako miaka sita, najua anavyochora Jumatatu akiwa bado na mvinyo wa Jumapili kichwani. Ulimpa kibarua achore bakuli la binti yako. Kama bado una kinyongo kwamba niliiacha meza nikaolewa na kumfuata Tullio huku, sema. Usinifungie kinyongo ndani ya nyasi ukanitumia kwa treni.

Sijalinywea. Nimetia humo vibanio vya nguo.

Mwanao,
Nives


Faenza, 20 Februari 1971

Nives,

Barua imefika. Anayeandika ni Zelinda wa duka la mkate, miwani yangu imevunjika. Kifua kinakohoa kisha kinanyamaza. Nafurahi mtoto ana sauti.

Ndiyo, alichora Guerrino. Nilikuwa na kazi nyingi. Vile vinne vingine havitakuja. Sikukuu ya Mtakatifu Martino ikifika, Novemba, nafunga karakana. Tanuri limechoka, na mwenye tanuri pia.

Nilikufundisha kwamba smalto mbichi, ule weupe tunaopaka chombo kabla ya kuchora, hunywa rangi papo hapo, ukishaigusa umeigusa, hakuna kufuta. Maneno nayo ni hivyo. Ya kwako nimeyasoma. Mimi pia nilikwambia langu siku ile unaondoka, kwamba aiachaye meza ameiacha. Basi tuko sawa.

Bakuli la vibanio si wazo baya.

Baba yako,
Learco

(Mimi Zelinda nakusalimu, Nives. Niliyoambiwa niandike nimeandika.)


Torino, 2 Machi 1971

Baba,

Natumaini barua hii inakukuta salama, kwa sababu nina ugomvi na wewe na ninataka uwe na nguvu za kunijibu.

Jana asubuhi nilikuwa jikoni namnyonyesha Ersilia upande wa kulia. Nepi zilikuwa zinangoja kuanikwa, nikalivuta bakuli kwa mkono wa kushoto nipate kibanio. Likazunguka mezani. Nikaona mahali mstari unapokutana na mwanzo wake, pale brashi inaponyanyuliwa na kuacha mkia. Mkia umelala kulia.

Guerrino ni mashoto. Mkia wake hulala kushoto siku zote, na wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa ukimwita "kaa wetu" mbele ya wateja, kwa vile huenda upande kama kaa wa pwani. Baba, kwenye karakana ile mkia wa kulia ulikuwa wangu na wako tu.

Nilimwaga vibanio vyote chini. Ersilia akaacha kunyonya akanitazama.

Tangu lini mkono unatetemeka? Na miwani haikuvunjika, sivyo? Uliona aibu, hukutaka niuone mwandiko wako. Nilikuandikia maneno ya kibarua na mvinyo, na yote yakamwangukia mtu asiye na kosa, na wewe ukayaacha yamwangukie. Niombee radhi kwa Guerrino. Kwako nitaomba mwenyewe, lakini kwanza nijibu. Usinijibu kuhusu kifua. Nijibu kuhusu mkono.

Leo Tullio amechemsha kuku. Nimekunywa supu kwenye bakuli langu, mara mbili.

Mwanao,
Nives


Faenza, 6 Aprili 1971

Nives binti yangu,

Leo naandika mwenyewe. Usizicheke herufi, zinacheza dansi bila muziki. Ndiyo maana majibu yamechukua wiki tano. Ukurasa huu ni wa tatu, mbili za kwanza zimeingia kwenye jiko.

Mtetemeko ulianza msimu wa kuvuna ngano, mwaka juzi. Kwanza kidole, halafu mkono. Daktari alitoa jina, nikamwachia jina lake. Vyombo vya wateja anachora Guerrino, mimi nachoma tu na kukaripia. Lakini chako sikumpa. Aliniomba, akasema, "Mzee, nipe mimi, hata kwa kushoto nitaunyoosha mstari." Nikamwambia impagliata ya binti haichorwi kwa mkono wa kukodi.

Bakuli ndilo lililotoka jema kuliko yote. Uliza mengine! Kifuniko cha kibakuli cha chumvi nimekichora mara nne. Vitatu viko nyuma ya tanuri, vipande vipande. Cha nne nilikichoma, halafu sikuwa na moyo wa kukivunja. Kipo dirishani, kimepinduliwa, nimekiwekea misumari. Sahani, kikombe na kibakuli viko rafuni, udongo uliochomwa mara moja tu bila rangi, biskuti tupu kama tunavyoviita. Sivigusi tena.

Nilidhani ni afadhali unione mkali kuliko unione nimekwisha. Mkali nimezoea kuwa.

Guerrino nimemwambia. Alicheka hadi akakaa chini. Anasema kaa anakusalimu, na kwamba Jumatatu siku hizi anakunywa maji.

Karakana nitaifunga hata hivyo. Meza isiyo na mchoraji wa ukoo ni ubao tu.

Mbusu Ersilia, aliyelibeba vizuri jina la mama yako.

Baba yako,
Learco


Torino, 14 Aprili 1971

Baba mpenzi,

U mzima? Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nikaisoma tena nimekaa. Tullio akauliza, "Nani amekufa?" Nikamwambia hakuna, ila kuna mzee mmoja mwongo amerudi.

Niliyokuandikia Februari nimeshayaandika, siwezi kuyafuta. Lakini wewe pia ulinifundisha kwamba tone likidondoka pasipo pake, mchoraji hodari halikwangui. Analigeuza jani. Basi sikiliza jani langu.

Kwenye mtaa wetu kuna shule ya ufundi yenye tanuri dogo la umeme. Nilikwenda na Ersilia begani, nikaongea na mwalimu. Aliponiuliza nimesomea wapi nikasema, kwa baba yangu. Ameniruhusu kulitumia kila Alhamisi mchana. Tullio aliposikia tutaletewa biskuti kutoka Faenza akaahidi kutengeneza kahawa. Nimemwacha na furaha yake.

Vitatu vilivyobaki nitavichora mimi. Mistari yako itatetemeka, yangu itanyooka kama sijakosa usingizi sana, na vitasimama pamoja hivyo hivyo. Agosti tunakuja wote watatu, na vyombo vyetu. Usiongee na mtu yeyote habari za kufunga karakana kabla hujaviona. Hilo sikuombi, Baba, nakwambia.

Mwanao, mzazi wa nyasi,
Nives

Geuza karatasi. Nahitaji hivi, na si kingine:

Sahani, kikombe na kibakuli cha chumvi, vikiwa biskuti kama vilivyo. Usinisaidie hata kwa nukta moja.

Unga wa smalto, kilo mbili, wa pipa lenye kifuniko cha mbao.

Kopo la buluu, na lile dogo la rangi ya chungwa.

Karatasi ya Mama ya mchoro wa jicho la tausi, ile aliyoitoboa kwa sindano, yenye doa la kahawa pembeni. Na kifuko cha vumbi la mkaa cha kuipigia, mchoro upite kwenye vitundu.

Brashi yangu ya mistari. Usiniambie uliitupa.

Nyasi za kutosha.

Kifuniko cha dirishani. Mwaga misumari, kifute vumbi kwa kitambaa kikavu, na usikichore tena.